Moyo Ulioonja Njaa Kabla ya Njaa Kuu

Mzee mmoja wa Mpunguzi hapa Dodoma, mkulima wa zabibu ninayemwita baba mkubwa kwa kuwa alikua nyumba moja na baba yangu, alipatwa na shambulio la moyo asubuhi moja akiwa shambani anapogolea mizabibu. Siku mbili kabla ya hapo kifua kilikuwa kimembana mara tatu. Kila mara alikaa kivulini, akakandamiza kifua kwa kiganja, na baada ya dakika nne au tano maumivu yakaondoka. Nyumbani wakasema ni vidonda vya tumbo. Akanywa maziwa, akameza dawa ya kutuliza asidi, akarudi kazini.

Jirani yake, mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi, alipatwa na jambo hilohilo mwaka uliotangulia, ila yeye hakupata onyo lolote. Wote wawili walichelewa kufika hospitali kwa saa karibu sawa. Leo jirani anatweta akitembea kutoka nyumbani hadi barabarani. Baba mkubwa anapogolea mizabibu yake mwenyewe, na kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kovu dogo tu kwenye misuli ya moyo. Daktari aliyemhudumia alituambia maneno ambayo sikuyaelewa siku ile: "Yale maumivu ya juzi huenda yalimwandaa."

Watu wawili hawathibitishi kitu. Umri, mshipa gani uliziba, mahali ulipozibia, vyote hivyo vinabadilisha matokeo. Lakini kauli ya daktari yule ina utafiti wa miaka mingi nyuma yake, na nimejitahidi kuuelewa kwa sababu naona unagusa kosa tunalolifanya kila wiki hapa kwetu: kuona maumivu ya kifua yamepita, tukadhani na hatari imepita.

Tuanze na ugumu wa maisha ya moyo wenyewe. Moyo hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku na hauna siku ya mapumziko. Nguvu yake inatokana na ATP, kemikali inayotengenezwa ndani ya seli na kutumika papo hapo. Kwa siku moja moyo wenye uzito wa gramu 300 hivi hutengeneza na kuteketeza kilo kadhaa za ATP, lakini akiba inayokuwepo kwa wakati wowote ni ya sekunde chache tu. Ni kama mama ntilie anayenunua unga wa sahani moja, anapika, anauza, anakimbia dukani tena.

Tena moyo hauwezi kukamua zaidi damu inayoupitia. Msuli wa mguu ukiwa umetulia huchukua robo hivi ya oksijeni iliyomo kwenye damu. Ukianza kazi nzito, unachukua zaidi kutoka kwenye damu ileile. Moyo, hata mtu akiwa amelala, tayari unachukua kama robo tatu. Ukihitaji oksijeni zaidi, njia yake ni moja: damu nyingi zaidi ipite kwenye mishipa ya korona, ile inayoulisha moyo wenyewe. Ndiyo maana mshipa mmoja wa korona ukizibwa na bonge la damu, eneo lote lililokuwa likilishwa na mshipa huo linaingia kwenye taabu mara moja.

Hapo ndipo ulinzi wa kwanza unapoanza, na ni wa kushangaza kwa wepesi wake. Chini ya dakika moja, msuli wa eneo lile unaacha kujikunja. Carl Wiggers na mwenzake Robert Tennant waliliona hilo Marekani mwaka 1935: sehemu ya moyo iliyokatiwa damu iliacha kusukuma, ikawa inavimba nje kila pigo badala ya kubana ndani. Mtu angedhani imekufa. Haijakufa. Imeacha kazi inayokula ATP nyingi kuliko kazi nyingine zote, ili kidogo kilichobaki kitumike kuweka seli hai.

Kisha seli inahamia kwenye sukari iliyohifadhiwa ndani yake. Sukari hiyo inaweza kuchomwa bila oksijeni, lakini kwa hasara kubwa: molekuli moja ya glukosi inayotoa ATP kama 30 penye oksijeni hutoa 2 tu isipokuwepo. Taka yake ni asidi ya laktiki, na asidi inarundikana kwa sababu hakuna damu ya kuiondoa. Mitokondria nazo, vile viwanda vya nishati ndani ya seli, zikikosa oksijeni zinageuka: badala ya kutengeneza ATP, zinaanza kuivunja ile iliyopo.

Msuli haufi wote kwa pamoja. Robert Jennings na Keith Reimer, waliofanya kazi Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, walionyesha mwaka 1977 kwa mbwa wa maabara kwamba kifo kinatembea. Kinaanzia tabaka la ndani la ukuta wa moyo, ambako shinikizo ni kubwa na damu ni haba, kisha kinasogea kuelekea nje. Kwa mbwa, seli za kwanza zinakata tamaa baada ya dakika 20 hivi. Ikifika saa 3 sehemu kubwa imekwenda. Saa 6 zikipita, cha kuokoa ni kidogo mno. Kwa binadamu saa zinatofautiana, kwa kuwa wengine wana vichochoro vidogo vya damu vinavyounganisha mshipa na mshipa, lakini mwendo ni uleule.

Sasa tufike kwenye jaribio lenyewe. Kwa mawazo ya wakati ule, ukimnyima mbwa damu ya moyo dakika tano, ukairudisha, ukamnyima tena, madhara yangepaswa kujumlishana kama deni. Mwaka 1986 Charles Murry, Jennings na Reimer wakapima. Kundi moja la mbwa lilifungiwa mshipa wa korona kwa dakika 40 mfululizo. Kundi la pili kwanza lilifungiwa mara nne, dakika tano kila mara, na dakika tano za damu kati yake, halafu ndipo likafungiwa zile dakika 40. Kundi la pili, ambalo kwa jumla lilinyimwa damu kwa muda mrefu zaidi, ndilo lililoumia kidogo. Katika kundi la kwanza, asilimia 29 hivi ya eneo lililokuwa hatarini ilikufa. Katika la pili, asilimia 7.

Walifanya pia jaribio jingine ambalo naona halisimuliwi vya kutosha. Walipofunga mshipa kwa saa 3 badala ya dakika 40, tofauti ilitoweka. Mbwa walioandaliwa na wasioandaliwa waliumia sawasawa. Kwa hiyo maandalizi yale hayakuufanya msuli usife. Yaliuchelewesha kufa.

Mgogo hahitaji maabara kulielewa hilo. Nchi hii ya mvua za msimu mmoja inaijua njaa kwa jina. Wazee wetu walirithishwa simulizi za Mtunya, ile njaa ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Kaya ambayo ghala lake lilitikisika kidogo mwezi wa kumi na moja huanza kubana mapema: pombe ya mtama haipikwi, uji unakuwa mwepesi, mlenda mkavu unahesabiwa. Kaya iliyokuwa na shibe hadi siku ya mwisho huingia kwenye upungufu ikiwa na matumizi ya shibe. Mvua ikichelewa wiki tatu, kaya ya kwanza inavuka. Ikikosekana kabisa, zote mbili zinalala njaa.

Moyo unabana vipi? ATP inapovunjwa na kuvunjwa tena, mojawapo ya mabaki yake ni adenosini, ambayo inavuja nje ya seli. Huko inashika vipokezi vilivyo juu ya seli na kupeleka ujumbe ndani: hali ni mbaya. Bradikinini na kemikali za mwili zinazofanana na morfini zinapeleka ujumbe huohuo kwa milango mingine. Mwaka 1991 maabara ya James Downey huko Alabama ilizuia vipokezi vya adenosini kwa sungura, na ulinzi wote ukatoweka. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba huu ni ujumbe hasa, si bahati ya seli fulani kuwa ngumu. Ndani ya seli ujumbe unapokelewa na vimeng'enya, kikiwemo kimoja kiitwacho protini kinasi C, hadi kufika kwenye mitokondria, ambako milango ya potasiamu inafunguka na kiwanda kinaandaliwa kwa lile litakalokuja.

Na litakalokuja, ajabu yake, ni damu yenyewe.

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali. Tunafikiri hatari ni kuziba, na kuzibuka ni wokovu. Ni kweli kwamba bila kuzibuka msuli wote utakufa. Hakuna mjadala hapo. Lakini dakika za kwanza za damu kurudi zina madhara yake, na katika majaribio ya wanyama inakadiriwa kwamba yanaweza kuchangia hadi nusu ya kovu la mwisho.

Aliyewahi kusimama kando ya korongo la Kondoa siku ya mvua ya kwanza ataelewa. Miezi saba ardhi imekauka, majani hakuna, mbuga imepasuka. Mvua inayosubiriwa kwa maombi inaponyesha, ardhi hiyo haiwezi kuinywa. Maji yanakusanyika, yanashuka kwa kishindo, yanachukua udongo, daraja na ng'ombe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo ya aina hiyo. Mvua haikuwa adui. Ardhi ilikuwa imepoteza uwezo wa kuipokea.

Katika seli ya moyo mambo huenda hivi. Wakati wa kuziba, asidi imejaa ndani na nje ya seli. Damu inaporudi inaosha asidi ya nje kwanza, na ile ya ndani inakimbilia kutoka. Kila chembe ya asidi inayotoka hubadilishwa na sodiamu inayoingia. Sodiamu ikizidi, seli inaitoa kwa kuibadilisha na kalsiamu. Matokeo yake ni mafuriko ya kalsiamu, na kalsiamu ndiyo amri ya msuli kujikunja. Seli inajikunja kupita kiasi, mpaka inajirarua. Wakati huohuo oksijeni inayorudi ghafla kwenye mitokondria zilizochanganyikiwa inazalisha kemikali kali zinazochoma kila zinachogusa. Kisha unafunguka mlango mmoja kwenye ukuta wa ndani wa mitokondria. Wakati wa kuziba, asidi ilikuwa imeufunga. Asidi ikiondoka, kalsiamu ikiwa juu na kemikali kali zikiwa zimezagaa, mlango unaachia, maji yanaingia, mitokondria inavimba na kupasuka. Seli ambayo ilivumilia saa nzima bila damu inakufa ndani ya dakika chache baada ya kuipata.

Ujumbe wa adenosini na wenzake, kwa sehemu kubwa, unaishia kwenye mlango huo. Moyo ulioandaliwa unaushikilia usifunguke katika dakika zile za mwanzo. Ndiyo sababu Vinten-Johansen na wenzake huko Atlanta waliweza mwaka 2003 kupata faida inayokaribiana na ile ya Duke bila kumwandaa mbwa kabla: walirudisha damu kwa vipande, sekunde 30 kufungua na 30 kufunga, mara tatu, kama mtu anayeweka matuta ya mawe kwenye korongo.

Ulinzi huu una nyakati zake. Ule wa kwanza unadumu saa moja au mbili baada ya njaa fupi, kisha unafifia. Mwaka 1993 watafiti wakagundua kwamba unarudi tena baada ya saa 24 hivi, ukiwa dhaifu kidogo lakini wenye kudumu, hadi saa 72. Awamu hii ya pili haitegemei ujumbe wa haraka. Ndani ya siku ile seli imetengeneza protini mpya: za kukunja upya protini zilizoharibika, na za kuzima zile kemikali kali. Hesabu siku za baba mkubwa hapo.

Kuna hali nyingine mbili ambazo watu huzichanganya na hii. Msuli uliokosa damu kwa muda mfupi unaweza kubaki umeduwaa kwa siku kadhaa, uko hai lakini hausukumi vizuri, ingawa damu imerudi. Na msuli unaopata damu kidogo kwa miezi unaweza kupunguza kazi yake kulingana na riziki, kama mbuyu unavyopukutisha majani kiangazi ukaonekana gogo. Daktari akiutambua msuli wa namna hiyo, kuurudishia damu kunaweza kuuamsha. Kwa hiyo eko mbaya ya wiki ya kwanza haina neno la mwisho.

Je, haya yapo kwa binadamu? Dalili ni za zamani. William Heberden, daktari Mwingereza aliyeueleza ugonjwa wa kubanwa kifua mwaka 1772, aliandika kuhusu mgonjwa aliyejipangia kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona. Hadi leo wapo wagonjwa wanaobanwa wakianza kutembea asubuhi, wakipumzika kidogo wakaendelea, hawabanwi tena. Madaktari wanaozibua mishipa kwa puto waliona kwamba puto likijazwa mara ya pili, maumivu ni kidogo kuliko mara ya kwanza. Na mwaka 1995 Robert Kloner na wenzake waliripoti kwamba wagonjwa waliokuwa wamebanwa kifua kabla ya shambulio walikuwa na makovu madogo na walikufa kwa uchache zaidi hospitalini kuliko wale ambao shambulio liliwajia bila onyo.

Kisha likaja wazo lililowapa wengi matumaini makubwa. Mwaka 1993 Karin Przyklenk alionyesha kwamba ukiziba kwa muda mfupi tawi moja la mishipa ya korona, eneo la tawi jingine nalo linalindwa. Ujumbe unasafiri. Watafiti wakajiuliza kama unaweza kutoka mbali zaidi, na ikaonekana kwamba hata mkono unatosha: mkanda wa mashine ya kupimia presha unajazwa dakika tano hadi damu ya mkono isimame, unaachiwa dakika tano, unarudiwa mara nne. Mwaka 2010 Wadenmark walifanya hivyo ndani ya gari la wagonjwa na wakapata msuli mwingi zaidi uliookolewa. Fikiria maana yake kwa mtu anayetoka Mpwapwa au Chemba kwenda Dodoma mjini: kifaa ambacho hata zahanati inacho.

Lakini jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019, lenye wagonjwa zaidi ya 5,000 katika Uingereza, Denmark, Hispania na Serbia, halikuona faida. Waliofungwa mkanda hawakupungua kufa kwa moyo wala kulazwa kwa moyo kushindwa ndani ya mwaka mmoja. Nilisikitika niliposoma. Maelezo yanayotolewa ninayaona ya haki: mbwa wa Duke walikuwa wazima, wagonjwa ni watu wa umri mkubwa wenye presha na kisukari, wanaomeza dawa nyingi, baadhi yake zenye ulinzi wa aina hiyohiyo. Na katika nchi zile mshipa unazibuliwa haraka kiasi kwamba kilichobaki cha kuokoa ni kidogo.

Kisukari na uzee hudhoofisha ulinzi huu. Glibenklamidi, dawa ya sukari inayojulikana sana hapa nchini, hufunga ile milango ya potasiamu, na katika majaribio ya maabara ilifuta faida ya maandalizi. Nalisema hili kwa tahadhari: hakuna anayepaswa kuacha dawa yake ya sukari kwa sababu ya majaribio ya maabara. Sukari isiyodhibitiwa inaua mishipa bila kubahatisha. Ni swali la kumuuliza daktari wako, basi. Tena watu wenye kisukari wanaweza kupata shambulio bila maumivu makali, jasho na uchovu tu, kwa hiyo wanakosa ulinzi na wanakosa onyo.

Ndiyo maana sitaki mtu asome habari hii akasema maumivu mafupi ni neema. Zikumbuke zile saa 3 za Duke: mshipa usipozibuliwa mapema, hata msuli ulioandaliwa unakufa. Baba mkubwa alikuwa na siku mbili za kwenda hospitali akiwa anatembea kwa miguu yake, mshipa ukiwa bado una nafasi. Kifua kinachobana kama kimewekewa jiwe, maumivu yanayopanda shingoni, kwenye taya au mkono wa kushoto, jasho la baridi, kichefuchefu: hayo ni ya kipimo cha umeme wa moyo, siku hiyohiyo, hata kama yamekwisha kabla hujapata pikipiki. Kipimo hicho huchukua dakika chache. Kikionyesha shambulio, mgonjwa hupewa aspirini, kisha ama dawa ya kuyeyusha bonge, ama hupelekwa panapozibuliwa mshipa. Kwa mkoa wetu Hospitali ya Benjamin Mkapa ndiyo yenye huduma za kibingwa za moyo. Zamani safari ilikuwa ni Dar es Salaam, kilomita zipatazo 450.

Aspirini nayo isidharauliwe kwa bei yake. Jaribio la mwaka 1988 lenye wagonjwa 17,187 lilionyesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa asilimia 23, na ikitumiwa pamoja na streptokinasi, dawa ya kuyeyusha bonge, kwa asilimia 42. Kwa mtu mwenye vidonda vya kweli vya tumbo au anayevuja damu, inaweza kudhuru, kwa hiyo mtaalamu aamue. Lakini ili aamue, lazima mgonjwa awe mbele yake.

Nilimweleza baba mkubwa yote haya tukiwa tumekaa chini ya mwembe wake, kuhusu mbwa, adenosini na korongo. Alisikiliza kwa makini, akauliza maswali mawili mazuri kuhusu mkanda wa presha. Kisha akanitaka nimwandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, zile dalili za taya na jasho, apeleke kwa yule jirani na kwa vijana wanaomsaidia kuvuna. Karatasi ile sasa imebandikwa kwenye mlango wa banda la kuhifadhia kreti za zabibu.